Nyota wa Filamu Akata Majani ya Tembo

Asubuhi ya kwanza ya kupiga filamu, watu wote pale kwenye magofu ya Ayutthaya, mji wa kale wa wafalme, walipiga magoti mbele ya meza ya sadaka. Kulikuwa na vichwa vya nguruwe, ndizi, ubani, na soda nyekundu zenye mirija, maana mizimu ya pale inapenda vitamu. Aliyebaki wima ni Phuwanai, nyota mwenyewe.

"Piga magoti, mdogo wangu," mwongozaji Orathai alimsihi. "Tunaomba ruhusa kwa wenye mahali pao."

"Hariri hii itakunjamana, dada. Halafu katika filamu mimi ndiye ninayerudi zamani kuwafundisha hao wa kale ustaarabu. Hadithi yako umeisahau?"

Hajamaliza kucheka, meza ikatoweka. Magofu yakawa mahekalu mazima yanayong'aa dhahabu. Njia nzima watu walikuwa kifudifudi, maana bwana mkubwa alikuwa anapita. Phuwanai akasimama kama mlingoti, akampungia mkono.

Jua la utosi lilimkuta anakata majani ya tembo wa mfalme pamoja na wakosaji wengine. Msimamizi wao, Bibi Im, meno meusi kwa tambuu, alimzunguka akimkagua.

"Ati umetoka siku zijazo?"

"Ndiyo, Bibi. Kwetu tunaongea na walio mbali kwa kibao kidogo hivi."

"Haya, kitengeneze."

"Sijui kinavyotengenezwa."

"Wali je, unajua kupika?"

"Mashine ndiyo inayopika."

Bibi Im akawageukia wengine. "Jamani! Miaka yote hiyo ijayo, na wametuletea huyu!"

Phuwanai alitaka jambo moja tu, kurudi kwao. Katika filamu yake shujaa hurudi kwa kujitupa mtoni. Akajitupa, akatoka na ruba shingoni. Bibi Im akamwonea huruma.

"Nikutegee, mwanangu. Ukikijua hiki, utafika kwenu. Kitendawili!"

"Tega."

"Wenzangu wote wameinama, nimesimama peke yangu, maana kichwani sina kitu."

"Mfalme!" Phuwanai akajibu kwa sauti.

Wakosaji wakaanguka chini wakiziba masikio. Bibi Im akamjaza majani mdomoni.

"Unataka tukatwe vichwa sote? Tazama kule!"

Shambani mpunga ulikuwa umeiva, masuke yameinama kwa uzito. Suke moja lilisimama katikati, pepe tupu, likiyumba.

Phuwanai akalitazama mpaka machozi yakamlengalenga. Kando ya zizi palikuwa na kijumba cha mizimu, ambacho kila mtu alikiinamia kabla ya kushika mundu, naye alikuwa akikipita wima. Akakiendea, akapiga magoti, paji la uso likagusa matope.

Alipoinua kichwa, soda nyekundu ya meza ya sadaka ilikuwa mbele ya pua yake.

"Hatimaye!" alisema Orathai. "Sasa inuka, tupige pale unaposimama peke yako, wakuu wote wameinama, unawapa hekima."

"Dada, niweke kwenye walioinama."

"Thubutu! Nani atoe kiingilio kuwatazama hao?"

Wakamwinua kwa makwapa, wakampangusa matope, wakamwambia atazame mbali kama mwenye mawazo. Filamu ilijaza kumbi za Bangkok. Watu walimshangilia kila alipotokea, wima katikati ya walioinama, mwepesi, akiyumba kidogo.