Ladha Bado Iko Sitalike

Niliposikia shemeji yangu Gervas ameunda kamati, nilijua Noeli hatutakula.

Shemeji Gervas ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mtendaji wa kata mpaka alipostaafu, na tangu hapo anatembea na utendaji wake kama mtu aliyetoka msibani na kiti cha watu. Hajui kufanya jambo bila agenda. Siku mjukuu wake alipong'oka jino, aliitisha kikao.

Na jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mama mkwe wangu, Bibi Specioza, alipiga simu kutoka Usevya akasema mwaka huu hapikii watu, magoti yamegoma. Noeli atakuja yeye Mpanda, hapa kwetu Shanwe, na mpishi nitakuwa mimi.

"Sitaki pilau, Mama Glory," akasema. "Sitaki chipsi, wala hiyo kabichi yenu ya mayonezi. Nataka chakula cha kwetu. Kuku wa karanga, kambale, kisamvu, na wali wa jaruba letu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Kikinishinda kula, mwakani mnarudi Usevya, na wewe unarudi kwenye vitunguu vyako."

Hapo kwenye vitunguu ndipo pangu. Tangu niolewe na Hilari, kila Noeli tunakwenda Usevya, na kila Noeli Mama ananipa kisu na beseni la vitunguu, ananikalisha nje ya jiko. Ndani siingii. Mimi nimezaliwa Mwese, milimani, na Mama anaamini watu wa Mwese tunajua maharage na baridi, basi. Binti yangu Glory amekua akidhani mama yake ana tatizo la machozi. Kwa hiyo hii Noeli niliitaka. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mama hakutaka kubahatisha, akatanguliza mzigo kwa basi mapema: tenga la majogoo wa kienyeji, kambale wakavu wa Rukwa, mchele, na kiroba cha karanga. Nilikuwa bado naufungua uani, shemeji Gervas akatokea na kaunda suti yake ya kijivu, amepakata faili.

"Shemeji," akasema, huku macho yako kwenye tenga, "jambo la Mama si la mtu mmoja. Lazima iundwe kamati ya maandalizi."

Ikaundwa hapo hapo. Yeye mwenyekiti. Hilari, mume wangu, katibu. Wifi Fausta, dada yao anayeuza vitenge sokoni, mshauri wa mapishi. Alex, kitinda mimba wao, dereva wa bodaboda, mjumbe. Mimi mwenye jiko, mwenye moshi na mwenye sufuria, nikaandikwa mwalikwa.

Kikao cha kwanza kilikaa sebuleni kwangu Jumapili baada ya misa. Sijaweka hata chai, mwenyekiti akasema hatuwezi kumpa Mama chakula ambacho hakijafanyiwa majaribio. Ni hatari. Wajumbe wakaunga mkono kwa mikono miwili miwili. Jogoo wa kwanza akatoka kwenye tenga.

Nikampika kwa karanga. Nilipika kwa adabu zangu zote, nikatenga, nikasimama mlangoni kusubiri. Walikula kimya, wakala, wakaongeza, wakakwangua. Ndipo shemeji akageuka. "Mshauri, ladha ya Mama imefika?"

Wifi Fausta akafumba macho, akalamba vidole kimoja kimoja.

"Bado," akasema. "Iko Sitalike."

Kwa asiyeijua njia yetu, ukitoka Mpanda kwenda Usevya, Sitalike hata pori la wanyama hujaanza kulipita. Maana yake chakula changu kilitoka nyumbani vizuri, kikafika pale mtoni, kikashuka kuangalia viboko.

"Kimepungua nini, wifi?"

"Kuna kitu," akasema, akavunja mfupa.

Kikao kikapitisha kwamba mjumbe Alex atafute jogoo mwingine wa kufidia. Alex akakubali kwa kichwa, mdomo ulikuwa na kazi.

Kikao kilichofuata kilianza na yatokanayo. "Mjumbe, jogoo wa kufidia yuko wapi?" Alex akasimama, akajifuta mikono kwenye jaketi, akasema, "Mwenyekiti, mchakato unaendelea." Wakapiga makofi. Akachinjwa wa pili. Halafu ikaonekana kambale wana mambo yao ya kitaalamu, wakaundiwa kamati ndogo, ambayo wajumbe wake walikuwa wale wale. Na wali ungeonjwaje bila kitoweo? Mchele nao ukaanza kushuka ndani ya gunia.

Sitasema uongo, mkono wangu ulikuwa unazidi kukolea. Niligundua karanga zinataka kukaangwa taratibu mpaka zinukie nyumba nzima, na zinataka kuingia sufuriani mwisho, moto ukiwa mdogo, bila papara. Siku hiyo wifi Fausta alionja, akaonja tena. "Heee," akasema. "Imefika Kibaoni."

Kibaoni! Pori lote imelipita, tembo wote imewakwepa, Usevya ni pale tu mbele! Niliingia jikoni nikacheza peke yangu na mfuniko wa sufuria. Nikacheza mpaka nilipochungulia kwenye tenga. Alikuwa amebaki jogoo mmoja, mwekundu, ananitazama kama mtu anayejua foleni imefika kwake.

Usiku nikambana mume wangu. "Baba Glory, hawa majogoo ni wa Noeli au ni wa kamati?"

"Mama Glory, usinionee bure. Mimi ni katibu tu. Katibu hana kura."

"Na tumbo?"

Akageukia ukutani.

Kesho yake nilimbeba yule jogoo ndani ya kikapu, pamoja na karanga zilizobaki, nikavificha kwa jirani yangu Mama Kija. Kamati nikaiambia jogoo ametoroka. Shemeji alisikitika, akaagiza iandikwe kwamba kikao kimesikitika.

Mkesha wa Noeli nilikwenda na kina mama wa jumuiya kupamba kanisa. Tumepamba, tumefagia, nimerudi mchana nimechoka, mfagio mkononi, nafungua geti napigwa na harufu ya kuku. Wako uani wote wanne wameizunguka sufuria yangu. Kumbe jogoo mpumbavu aliwika kwa Mama Kija, na shemeji alikuwa anapita. Akasimama barabarani, akainua kidole, akasema sauti ile ni ya Usevya, hawezi kuikosea. Karanga haziwiki, kwa hiyo karanga zilipona.

"Shemeji, karibu," akasema mwenyekiti, paja liko mkononi. "Tunavunja kamati."

Kila mtu anajua mambo ya kuvunja kamati. Harusi ikiisha, kamati inakutana mara ya mwisho, inakula, inakunywa, inapongezana, inavunjwa. Lakini harusi ikiisha! Sijawahi kuona kamati inavunjwa bibi harusi bado yuko saluni.

"Shemeji, Noeli si ni kesho?"

"Ni kesho, ndiyo. Lakini hii ilikuwa kamati ya maandalizi, haikuwa kamati ya Noeli. Na maandalizi yamekamilika."

"Yamekamilika au yameliwa?"

Nilikuwa natafuta mahali pa kuutupa ule mfagio nilioushika, na nilishapaona, ni kwenye kichwa chake. Mara fuso ikapiga honi nje. Tulikuwa tunamtegemea Mama kwa basi la jioni. Kumbe amepata lifti kwenye gari la mpunga. Akashuka taratibu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kifurushi kirefu kilichofungwa kwenye kitenge.

Sijawahi kuona watu wazima wanaganda vile. Alex akaikalia sahani yake. Shemeji Gervas akalitumbukiza paja kwenye mfuko wa kaunda suti.

Tukamwamkia, "Shikamoo Mama." Akaitika marahaba moja ya wote, akaliangalia tenga tupu.

"Kuku zangu ziko wapi?"

Shemeji akakohoa, akasimama wima.

"Mama, swali lako ni zuri sana. Na ni swali ambalo kamati ingelijibu. Bahati mbaya, kwa sasa kamati haipo. Imevunjwa."

"Imevunjwa lini?"

"Sasa hivi. Ulipokuwa unashuka."

Mama akautazama ule mfuko. Mafuta yalikuwa yanatambaa taratibu kwenye kitambaa cha kijivu. "Na mfukoni una nini?"

"Kumbukumbu za kikao, Mama."

Mama akakaa kwenye kigoda changu, akafungua kile kitenge. Ndani ulikuwa mwiko. Ule mwiko wake wa Usevya, mweusi kwa miaka ya moshi, ambao mimi sijawahi hata kuugusa. Akauweka mapajani. Nilielewa, na iliniuma kweli kweli. Kumbe alitoka kwake ameshaamua nitashindwa, akabeba na zana za kuninyang'anya jiko. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi, nikalia, na safari hii hakukuwa na kitunguu.

Nikamsikia nje. "Kwa hiyo kamati haipo?"

"Haipo, Mama," wakaitika wote, kwa furaha kabisa, wakidhani wamepona.

"Vizuri. Basi hapa nawaona watoto wangu tu. Gervas, kesho tukitoka misa, kinu kile pale. Utatwanga kisamvu, na karanga kama zipo. Hilari, wewe vitunguu. Alex, upande hiyo pikipiki yako ukatafute uyoga kwa wale kina mama wanaouza barabarani, na ukiniambia huo mchakato wako wa kila siku, nitakuchapa mbele ya abiria wako. Fausta, vyombo. Mama Glory yuko jikoni."

Nikatoa kichwa mlangoni. Hakuniangalia.

Ile Noeli mtaa wa Shanwe hautaisahau. Watu wanatoka kanisani na nguo mpya wanamkuta mstaafu wa serikali uani, kaunda suti, doa la mafuta mfukoni, anatwanga. "Mheshimiwa, Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele," anapiga mchi, "amina." Wengine walikwenda, wakarudi, wakapita tena. Mama Kija alileta majani ya muhogo ya kuongeza ambayo hakuna aliyemwomba, alitaka tu kuangalia. Pembeni Hilari na beseni lake, machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu, na Glory anatangaza kwa jirani: "Baba naye analia! Kumbe ni ugonjwa wa hapa nyumbani!"

Mimi nikapika. Kisamvu cha karanga, uyoga, na ugali, maana wali na kambale kamati ilivimaliza. Mama alikaa mlangoni mwa jiko, mwiko mapajani, ananitazama kila ninachofanya. Nikakaanga karanga taratibu. Kimya. Nikapunguza moto. Kimya. Nilipoanza kukoroga nikaona kwa pembeni ananyanyua mwiko, nikasema basi, jiko limekwenda. Akaushusha kwenye mkono wa Alex aliyekuwa anachomoa uyoga sufuriani kwa nyuma yangu. Kisha akaurudisha mapajani.

Tukakaa mkekani. Mama akamega tonge, akachovya, akatafuna. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata shemeji alisahau kutaka kusema maneno machache. Mama akamega la pili, la tatu. Wifi Fausta ikamshinda.

"Mama, imefika wapi?"

"Nini?"

"Ladha. Sisi tunaipima kwa barabara. Ilianza iko Sitalike, ikaja ikafika Kibaoni."

Mama akawaangalia mmoja mmoja, kuanzia kwa mwenyekiti.

"Nyie ndiyo mko Sitalike," akasema. "Hiki chakula kimefika zamani. Kimeoga, kimelala." Akanisogezea sahani. "Niongeze, Mama Glory."

Nilimwongezea nusu ya sufuria, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

Alipoondoka tulimsindikiza stendi wote. Basi limeshawasha injini, mimi nikakumbuka, nikamwomba Alex anirudishe nyumbani mbio, nikarudi nao mkononi nikigonga dirisha.

"Mama! Umesahau mwiko!"

Akafungua kioo kidogo. "Sijasahau," akasema. "Mimi mwakani nakuja kula, mwiko nitaufanyia nini? Na kuku nitakuja nazo mwenyewe, nimezipakata."

Basi likaanza kusogea. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa.

"Jamani," akasema shemeji Gervas, kidole juu, "kwa kuwa Mama ameshathibitisha kuja mwakani, ingefaa tuunde mapema…"

Nikageuka. Nilikuwa bado nimeushika. Shemeji akauangalia mwiko, akaniangalia mimi, akashusha kidole.