Uji Haukuliwi

Mimi kungoja sikujaliwa. Tangu walipomsukuma mume wangu Ngatia kuelekea thieta, chumba cha upasuaji, nilikuwa nimekaa, nimesimama, nimesoma bango la kunawa mikono mpaka nikalichukia, nikakaa tena. Mama mkwe wangu, Kabura, alikuwa ametulia kando yangu akisuka kiondo kana kwamba tuko sokoni Giakanja. Utulivu ule uliniudhi.

Ngatia alikuwa apasuliwe henia aliyoipata kwa kubeba magunia ya viazi kule Mweiga. Kisu hakikumtisha. Alichoogopa ni dawa ya usingizi. "Nisipoamka, usiuze Njeri," aliniambia asubuhi, na Njeri ni ng'ombe. Nilicheka. Ni mimi niliyemsuta na kumwita mwoga mpaka akakubali kuja, kwa hiyo asipoamka ningemlaumu nani?

Koo lilinikauka. Nikachukua thamosi kwenye kikapu cha Kabura. Ilikuwa nyepesi.

"Mama, uji imeenda wapi?"

"Ngatia amekunywa. Kabla wamchukue, ulipoenda choo."

"Mama! Si sista alisema asikule kitu?"

"Na hajakula," akasema, akinishangaa. "Hata ngwaci, hiyo viazi tamu ya kuchemsha, nimemnyima. Uji ni ya kukunywa. Ati mtu akatwe na tumbo tupu?"

Nikaelewa yote kwa mara moja. Huko ndani wangemuuliza kama amekula, naye angejibu hapana, na angeapa, na asingekuwa mwongo. Kwetu hakuna mtu anayekula uji.

Sijui nilifikaje kwenye mlango wa thieta. Niliugonga kwa ngumi zote mbili mpaka akatokea muuguzi mwenye kofia ya kijani, jina lake Kinyua.

"Mama, huku hauingii."

"Msimlaze! Ngatia! Amekunywa uji!"

"Amesema hajakula."

"Hajakula! Amekunywa!"

Akageuka na kukimbia. Mbio zile ndizo zilizoniogopesha kuliko maneno yoyote, maana wauguzi sijawazoea wakikimbia. Nikasimama pale nikiuma kidole, nikimwomba Mungu na kugombana naye papo hapo.

Mlango ulipofunguka alitoka Daktari Nadhira, yule anayewapa watu dawa ya usingizi. Alikuwa bado na glavu.

"Sindano nilikuwa nayo mkononi," alisema. "Mtu akilala hivyo, hata koo inalala. Uji inapanda kutoka tumboni, inaingia kwa mapafu. Anaweza kufa mbele yetu." Akavua glavu moja. "Na sisi tuliuliza vibaya. Tutauliza kula, tutauliza kunywa. Mrudi wiki ijayo."

Ngatia alitolewa akiwa amenuna. "Nilikuwa nishajikaza, Wangechi!" Nikampiga bega, kisha nikalia kwenye bega lilelile. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na furaha pia.

Tulipomgeukia Kabura, kiondo kilikuwa sakafuni. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ningemuua mtoto wangu," alisema. "Na uji yangu."

Nilikuwa na jibu, tena kali, nilikuwa nimelinoa kutoka mlangoni. Lakini niliona vidole vyake vikitafuta uzi ambao haukuwepo. Nikameza jibu langu, nikamwokotea kiondo.

Wiki iliyofuata alikuja bila kikapu. Mikono yake hakujua aiweke wapi, mara mapajani, mara kwapani. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa akikaa na kusimama, nami nikamvumilia, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kinyua akaja. "Mgonjwa amekula? Amekunywa chochote?"

Kabla Ngatia hajafungua mdomo, Kabura alisimama.

"Hajakula, hajakunywa. Hata maji. Na mimi pia. Tangu jana."

Nikamtazama vizuri. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ngatia alipoingizwa thieta, nilimbembeleza apige hata funda moja la chai, akakataa, nikamfokea, akakataa. Akakaa akiukodolea macho ule mlango mpaka ulipofunguliwa.

Ngatia alikuwa ameamka. Ulimi ulikuwa mzito, macho hayajatulia, na nilipoinama nilidhani atanitaja mimi.

"Mama," alisema, "amepewa uji?"