Michango ya Sendofu ya Nice

Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa ikutane nyumbani kwangu Pasiansi, Jumapili saa kumi. Saa tisa na nusu ndipo nilipoambiwa hela haipo.

Teodora, mdogo wangu na mweka hazina, aliingia na daftari lakini hakukaa. Mimi nilikuwa napanga viti.

"Dada, kabla watu hawajafika. Kuna milioni sita nilimpa Nice."

"Za nini?"

"Alinipigia analia. Yuko kliniki Dar, wamekataa kumwingiza chumba cha upasuaji mpaka amalize kulipa. Akasema atarudisha kabla ya siku ya kulipia ukumbi."

Nice ni binti yangu, mwalimu wa sekondari. Aliniaga kwamba anakwenda semina. Alirudi Alhamisi, anatembea amejikunja, akasema ni kiti cha basi. Nikamchemshia maji ya kuoga. Nina diploma ya ugavi na miaka ishirini natunza stoo ya kiwanda cha samaki. Kreti moja haitoki pale bila mimi kujua. Huyu alipita mbele ya macho yangu.

Nilimwita, akatoka chumbani taratibu, mkono tumboni.

"Fungua khanga."

Alikuwa amefungwa mkanda mpana wa kubana. Tumbo alilobaki nalo tangu ajifungue miaka sita iliyopita halikuwepo.

"Dada zake Renatus walisema gauni langu lishonwe la mjamzito," alisema. "Na Renatus, mchumba wangu mwenyewe, alikuwepo. Alicheka."

"Shilingi ngapi?"

"Tangazo lilisema milioni tano na nusu. Nilikuwa na mbili na nusu. Nyingine walisema inalipwa kidogo kidogo."

Nikamdai risiti, akanipa. Tano na nusu ilikuwa ya daktari peke yake. Dawa ya usingizi laki tisa. Vipimo laki nne. Kitanda laki sita. Mkanda laki mbili na nusu. Dawa na kutolewa mirija, laki tatu na nusu. Jumla milioni nane, bado gesti na nauli. Na huko kulipa kidogo kidogo hakukuwa kwa kliniki. Ni kampuni ya mikopo iliyoweka meza pale mapokezi, riba asilimia kumi kwa mwezi, dhamana kadi ya benki ya mshahara. Kadi ya Nice ilikuwa tayari imeshikwa na kausha damu, mkopeshaji wa riba mmoja wa Nyegezi, ndipo akampigia Teodora.

"Kwa nini hukuuliza jumla kabla hujapanda basi?"

"Niliogopa wataona sina hela."

Nilikunja risiti nikaiweka juu ya daftari la Teodora.

"Lakini mama, ahadi zilizobaki ni milioni saba. Zikiingia zinaziba. Halafu michango ni yangu."

"Ahadi za hapa mjini nazijua. Kumi zikiandikwa, sita zinalipwa, mbili zinalipwa ukumbini watu wakishakula, mbili zinahamia Geita. Na michango si yako. Nilichangia binti wa Shigela, nikachangia wa Mwaija, nikachangia wote wawili wa Rweyemamu. Hao wananirudishia. Waliobaki wananikopesha."

Geti likagongwa. Nice akanishika mkono.

"Mama, waambie ni uvimbe wa kizazi. Hakuna atakayeuliza."

Ni kweli, hakuna ambaye angeuliza. Wengine wangeongeza. Nilisimama pale nikilifikiria, sitadanganya. Kisha aliyeingia wa kwanza akawa Mwaija, katibu wetu, ambaye mwaka jana alitolewa uvimbe kweli, na sisi hawa hawa ndio tuliomchangia.

Walipokaa wote sikuzungusha maneno. "Kesho ukumbi haulipiwi. Milioni sita zimelipia upasuaji wa tumbo la Nice. Ni urembo, si ugonjwa. Sendofu haipo. Kila mtu atarudishiwa chake, tutaanza na waliotoa kidogo."

Mzee Shigela, mwenyekiti, alivua miwani. "Kwa hiyo tumechangia kitambi."

Mmoja akacheka, wakafuata wengine. Nyuma ya mlango nilijua Nice anasikia. Mwaija hakucheka. Alifunga kitabu cha kumbukumbu.

"Mimi mlinipa laki tatu na themanini," alisema. "Nilizihesabu nikiwa kitandani."

Kicheko kikaisha. Chai niliyoandaa hakuna aliyeinywa.

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika kwa akina Rwehumbiza, nyumbani kwao Renatus. Renatus alinipigia mimi, si Nice.

"Shikamoo, mama. Mimi nilicheka tu. Sikumtuma akakatwe."

"Marahaba. Harusi je?"

"Wazee wanasema hawapokei bibi harusi ambaye hajaagwa kwao. Wanaomba muda."

"Muda gani?"

"Hawakusema, mama."

Jumatatu nilikwenda ofisini kujaza fomu ya mkopo wa wafanyakazi: milioni sita, miezi thelathini na sita, unakatwa kwenye mshahara wangu. Penye sababu niliacha wazi. Karani akanirudishia, akasema bila sababu haupitishwi. Nikaandika ada ya shule, nikasaini.