Mahali Pema

Katika chuo cha Biblia alichosoma Elinaza, kule Gongo la Mboto, walikuwa wakizika benchi. Kila Alhamisi lilifunikwa kitenge na kuwekwa katikati ya darasa kama jeneza, mwanafunzi mmoja akajifanya mjane na kulia hasa, mwingine akasimama kuhubiri, na Mwalimu Sebastian akakaa nyuma kabisa akisikiliza. Ukisema neno la uongo juu ya benchi, unaanza upya.

Na neno la uongo lilikuwa lile linalomtoka kila mtu akisikia fulani hatunaye: Mungu amlaze mahali pema peponi. Pale chuoni lilipigwa marufuku.

"Kama marehemu hakuokoka, unamlaza mahali pema kwa mamlaka gani?" Mwalimu Sebastian alikuwa akiuliza. "Yeye ameshaondoka. Ni walio hai unaowabembeleza mpaka motoni."

Juu ya kichwa chake, ukutani, waliandika kwa rangi nyekundu: TUNAANDAA WAVUNAJI, SI WASOMI. Msidhani mtu huyu alikuwa mnafiki. Afadhali angekuwa, maana mnafiki unajua pa kumshika. Sebastian aliamini kila neno alilofundisha, na Elinaza, baada ya miaka miwili ya kuzika benchi, aliamini vilevile.

Baba yake, Erasmus, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Chang'ombe. Siku moja alikwenda kurekebisha geti la chuo, akachungulia dirishani, akamkuta binti yake amepiga magoti analilia benchi. Jioni nyumbani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa mchungaji," alisema, maana alianza kumwita hivyo tangu siku ya kwanza ya chuo, "lile benchi mmelipeleka wapi, peponi au motoni?"

"Inategemea kama lilikuwa limeokoka, baba."

"Basi limeungua. Miguu yake nimeichomelea mie, na siku hiyo nilikuwa nimelewa."

Mama yake, Monica, naye alicheka, kisha akamkanya mumewe. "Acha kumwita mchungaji. Bado. Siku akihitimu ndo ataitwa, na wa kwanza kumwita nitakuwa mie." Elinaza aliiweka ahadi hiyo moyoni. Aliitamani kuliko cheti chenyewe.

Mara ngapi alimwomba baba yake aifuatishe sala ya toba! Erasmus hakukataa wala hakugomba. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Kesho, mchungaji." Kisha ikanyesha mvua ya masika, maji yakaingia karakana, na mashine ya kuchomelea ikampiga shoti akiwa amesimama ndani ya maji yale, akafa palepale. Alibatizwa utotoni huko kwao Rombo, lakini tangu aje mjini hakuwa na kanisa. Chuo kikasema kitamzika.

"Utahubiri wewe," Mwalimu Sebastian alimwambia Elinaza. Ulikuwa mtihani wake wa vitendo, na pasipo mtihani huo hakuna kuhitimu.

"Mwalimu, ni baba yangu."

"Najua. Mie nilimzika mama yangu mzazi bila neno lile. Nilipomaliza nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Lakini sikusema uongo." Alimshika bega, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. "Usiposimama kwa baba yako, utasimama kwa nani?"

Asubuhi ya maziko turubai lilifungwa mbele ya nyumba, na mtaa mzima ukaja. Mwanabaraka, jirani wa ukuta mmoja, hakuwa amerudi nyumbani kwake tangu msiba ulipoingia. Alisimamia masufuria, alipokea wageni, na sasa alikaa mkekani akimshikilia Monica. Elinaza alipopita, mama yake alimvuta mkono.

"Eli, mie siyajui ya chuoni kwenu. Hubiri utakavyohubiri. Ila ukimaliza, sema Mungu amlaze mahali pema. Basi."

"Mama, nitaona."

"Anaambiwa kila mtu, mwanangu. Hata wezi wanaambiwa."

"Aone nini tena?" Mwanabaraka aling'aka. "Si baba'ake?"

Alihubiri vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Alisimulia habari za mageti ya Erasmus na kicheko chake, watu wakacheka na kulia. Kisha akafika mwisho, pale pa kusemea neno lile, na Monica akainua uso kulingoja. Elinaza alilihisi limekaa ulimini. Alikuwa akimpenda baba yake, na kwa kuwa aliamini, aliogopa pia, akaona akilisema atakuwa amewadanganya watu wote waliokaa pale.

"Nilimwomba baba yangu aokoke, akaniambia kesho," alisema. "Siwezi kuwadanganya mbele ya jeneza lake. Hakuokoka, na mnajua asiyeokoka anakokwenda. Lakini nyie mna leo. Anayetaka kumpokea Yesu, aje hapa mbele."

Vijana wawili wa karakana wakatoka, nyuso zimewaparara kwa hofu. Na baada yao akasimama Monica. Mwanabaraka alijaribu kumshika, Monica akauondoa mkono wake. Wanafunzi wa chuo wakanong'ona haleluya, na Elinaza, nisimfichie, alifurahi. Jeneza la baba yake liko pale, naye akafurahi kwamba angalau mama anaokoka.

Monica alipiga magoti. Binti yake akamwekea mkono kichwani kama alivyofundishwa.

"Fuatisha maneno haya, mama. Bwana Yesu."

Monica alimtazama tu.

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi."

"Eli," Monica alisema, wala hakupaza sauti, "huko ulikosema baba'ako amekwenda, niombee na mie nipelekwe hukohuko."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niombee. Yule hajazoea kulala peke yake."

Walifundishwa sala ya mgonjwa, ya mwenye pepo, ya mfungwa. Ya ombi hili hawakufundishwa. Elinaza alimtafuta Mwalimu Sebastian kwa macho, akamwona ameinama anatazama viatu vyake.

Hapo Mwanabaraka akasimama mkekani, mtandio umemwanguka mabegani, sauti inamtetemeka kwa hasira. "Mungu amlaze mahali pema, Baba Eli!"

"Amina!" waliitikia wote, Waislamu kwa Wakristo. Hata wanafunzi wa chuo waliitikia, mazoea yakiwatangulia.

Monica hakuwa akiwatazama hao. Alikuwa akiutazama mdomo wa binti yake, akangoja muda mrefu kuliko mtu anavyopaswa kungojeshwa na mwanawe. Mdomo haukufunguka.

Basi akajiinua taratibu, akafunga kanga yake vizuri, akautoa mkono wa Elinaza kichwani pake kwa upole, kama anavyorudishiwa mtu kitu chake.

"Asante, mchungaji," alisema, akaenda kukaa na Mwanabaraka.