Samaki Walioliliwa

Kabla ya kila kreti mpya, Modesta alikunja mkono na kunusa kiwiko chake mwenyewe. Ndivyo wanusaji walivyofanya kazi katika kiwanda kile cha minofu ya sangara: pua ikishiba harufu ya samaki haisikii tena kitu, lakini ukiipa harufu ya ngozi yako inakumbuka ilikotoka. Kisha alifunua shavu la samaki, akainama, akavuta pumzi, akasema "Ndani" au "Nje". Wa ndani walikwenda kwenye visu, na minofu yao ikapanda ndege. Wa nje walitupwa kwenye pipa la bluu.

Jumatatu moja ya masika aliamka na vishimo viwili, kimoja chini ya kila jicho, vidogo kama vilivyotobolewa na sindano ya magunia. Shigela, msimamizi wake, alivitazama, akamwambia kanuni za usafi hazisemi lolote kuhusu vishimo.

"Havinizuii kazi, bosi."

"Basi kazi iendelee."

Iliendelea, tena kupita kiasi. Tangu siku hiyo hakukihitaji kiwiko. Harufu ikishaingia haikuchoka. Alisikia sabuni ya jana kwenye mikono ya wakata minofu, alisikia dizeli ya mtumbwi uliokwisha ondoka, na chini ya barafu, kwenye kreti za katikati, alisikia dawa ya pamba. Ni ileile inayopuliziwa mashambani kuua funza wa vitumba. Wapo wavuvi wanaoimimina ziwani, samaki wakaelea wenyewe, kazi ikaisha. Zamani pua yake iliisikia mara moja, ikaizoea, naye akadhani kakosea. Sasa haikuzoea, na alijua hajakosea.

Alikwenda mjini kwa Daktari Okech, mtaalamu wa masikio, pua na koo. Daktari alivimulika vishimo, akazima tochi, akanawa mikono.

"Hivi ni vya ngisi," alisema. "Ngisi ananusia hapo, chini ya macho. Ni mnyama wa baharini. Huku kwetu nimemwona kwenye sahani ya hoteli tu."

"Ni ugonjwa?"

"Ni kalsiamu, mama. Harufu ikigonga seli ya kunusia, kalsiamu inaingia ndani, seli inaupigia ubongo kelele. Kalsiamu hiyohiyo ikijaa ndiyo inayoiambia seli inyamaze. Hapo ndipo mtu anapozoea. Yako inatolewa nje haraka mno, kabla haijasema neno. Seli zako hazinyamazi."

"Nitumie nini?"

"Watu watakwambia ule dagaa na vichwa vyao."

"Daktari, mimi nimezaliwa Ukerewe. Ingekuwa ni dagaa, ningekuwa mfupa mtupu."

Daktari alicheka kidogo. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaja saa za kutazama wagonjwa, alimwambia asishangae akianza kutoa wino. Ngisi akitishika hutoa wino, na wenzake wakiunusa hukimbia.

"Na watu wakiunusa?"

"Watu hawana vishimo."

Wino ulikuja Alhamisi. Kila alipoinamia samaki mwenye dawa, machozi meusi yalimtoka na kumdondokea samaki huyo kichwani. Kwa samaki mzima hayakutoka. Shigela aliagiza aletewe aproni nyeusi ili uchafu usionekane, na kwa kiwanda shauri likawa limekwisha.

Kwa Modesta halikwisha, kwa sababu ya lile pipa la bluu. Jioni lilisukumwa hadi geti la nyuma, ambako wanawake wa mtaa wa Igogo walinunua mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, pamoja na vichwa na hao waliokataliwa, wakaenda kukaanga. Mmoja wao alikuwa Odeta, mdogo wake wa tumbo moja, na wa kwanza kula kwenye karai lake walikuwa watoto wake mwenyewe wanne. Siku zote wa nje walikuwa samaki waliopondeka au waliolala, na mafuta ya moto huwasamehe hao. Dawa ya pamba haisamehewi na mafuta. Kadiri Modesta alivyonusa vizuri, ndivyo sumu ilivyokwenda kwa mdogo wake.

"Bosi," alimwambia Shigela, "hawa wa dawa tuwachimbie shimo."

"Shimo halimo kwenye utaratibu. Utaratibu una ndani na nje."

"Nje kuna watu."

"Na ndani kuna watu, ila wako mbali. Unataka niwapakie ndege?"

"Sitaki waende kokote."

"Hapo sasa unataka mlango wa tatu, Modesta, na jengo hili lina miwili."

Modesta akaamua wino ufanye kazi yake. Alihakikisha kila samaki mwenye dawa amepata tone la kuonekana katikati ya paji, kisha akamwambia Odeta: mwenye wino usimguse, na waambie wenzako. Odeta akaitikia.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, jioni, Modesta alipitia Igogo. Kwenye meza ya Odeta kulikuwa na foleni. Wateja walikuwa wakijichagulia samaki wabichi kwenye sinia ili Odeta awakaange, na kila aliyefika mbele alinyoosha kidole kwa mwenye wino. Wasio na wino walikuwa wamelala pembeni, wamedharauliwa.

Mbele kabisa alisimama mzee Chenge, mchinjaji mstaafu wa machinjioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mpimaji? Unatusaidia sana."

"Mzee, huyo uliyemshika ana dawa ya pamba. Wino maana yake nimemkataa."

Mzee Chenge alimgeuza samaki, akamtazama kwa jicho la kazi. "Mimi nimekaa na muhuri maisha yangu yote. Nyama iliyopimwa ndiyo inayopigwa wino. Iliyokataliwa inachomwa moto, hailetwi sokoni. Huyu kaletwa sokoni, na wino anao."

"Hapakuwa na pa kumchomea, mzee."

"Basi hakukataliwa," alisema mzee kwa upole, akampa Odeta.

Modesta aliwaeleza na wengine, mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza nesi wa kliniki. Mama mmoja alimuuliza kama macho yanauma.

Alimgeukia mdogo wake. "Odeta, wewe unajua. Nilikwambia mwenyewe."

"Nilijua juzi, dada. Juzi niliwatenga, jirani akauza wake wote wenye wino, mimi nikarudi na sinia langu limejaa. Leo mafuta yameshachemka."

"Na watoto?"

"Watoto nawapa wasio na wino," alisema Odeta, chini chini. "Ndio wanaobaki."

Modesta aliyaona macho ya mdogo wake, akaiona foleni nyuma yake: akina mama na vikapu, wapagazi wa mwaloni kunakoshushwa samaki, watoto waliotumwa na sahani. Machozi yakaanza, na safari hii hayakuchagua samaki. Yalidondoka tu, meusi, kwenye ukingo wa meza. Watu wa foleni walisogea kumpa nafasi. Hakuna aliyekimbia.

Odeta alilivuta sinia polepole hadi chini ya kidevu cha dada yake.

"Hawa wa upande huu bado hawana wino, dada," alisema. "Lakini wanne niachie."