Wima Mbele ya Kaka

Kwaru, kwaru, kwaru. Kabla hapajapambazuka Bibi Sinapati alikuwa ameshakalia mbuzi anakuna nazi. Mjukuu wake Moelagi, usingizi bado umo machoni, akamtandikia shuka mabegani bila kuagizwa.

"Leo yule daktari wa miguu anakuja, Bibi?"

"Wa mwendo. Miguu yako haidai daktari."

Kila mwaka Daktari Vaisola, binti wa Kisamoa aliyekulia ng'ambo, Auckland, aliwafunga watoto wa kijiji vidude vifundoni mwa miguu ili aone hatua zao zinavyobadilika kadiri wanavyokua. Mwaka huu mvua iliugeuza uwanja wa shule kuwa tope, akawa anawapimia majumbani. Mzee Lemau, kaka yake Bibi na chifu wa ukoo, alikuja kumpokea mgeni. Akaketi mkekani, mgongo kwenye nguzo yake, ile ya heshima inayoegemewa na chifu peke yake.

Moelagi akatembea kutoka upande huu wa nyumba hadi ule, akarudi. Daktari akaikunjia kompyuta uso.

"Bibi, hatua zake zimefupika, na kwa umri huu zilipaswa kurefuka. Itabidi apelekwe Auckland wakamchunguze. Huenda akakaa miezi."

Mama yake Moelagi naye alikwenda Auckland kwa miezi, na miezi ile ikazaa miaka.

"Apite tena," alisema Bibi.

Safari hii alimtazama vizuri. Mtoto alipomkaribia Lemau aliinamisha mgongo, akashusha mkono, akanong'ona "Tulou" kuomba radhi, akapita akinyata. Ndivyo alivyolelewa.

"Anampita mkubwa aliyeketi, mwanangu. Hiyo ni adabu, si ugonjwa."

"Basi apite wima, mara moja tu."

"Wima?" Lemau akaguna. "Mbele yangu? Labda nikiwa jenezani."

"Basi tupishe kidogo, kaka."

"Niondolewe nguzoni kwangu na kidude mfano wa kiberiti? Umezeeka vibaya, Sinapati."

"Nimezeeka vizuri. Magoti tu ndiyo hayajapata habari."

Moelagi aliwatazama kwa zamu, asithubutu kuinua mguu.

Bibi akainuka. Tangu ajue kutembea hakuwahi kumpita mkubwa wake bila kuinama. Sasa aliunyoosha mgongo mpaka mifupa ikalalamika, akamshika mjukuu mkono, akapita mbele ya kaka yake, karibu mno hata pindo la nguo yake likamgusa goti. Hakusema "Tulou". Alipofika mwisho aligeuka, akauachia ule mkono mdogo.

"Haya. Rudi mwenyewe."

Moelagi akarudi, kichwa juu, hatua ndefu zikiliza mkeka.

"Hana tatizo," alisema Daktari taratibu. "Hana tatizo kabisa."

Lemau alikuwa ameshachukua mwavuli wake. Hakumuaga mtu. Lakini pale kizingitini aliinama, akaviondoa viatu vya Moelagi kwenye mvua, akavisogeza pakavu.

Bibi aliona.

"Kaka!" aliita. "Kesho uje tena unywe kakao. Kesho nitainama."