Sayari ya Tatu ya Binti wa Kinyozi

Binti wa kinyozi alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na kwa miaka minne alishughulika na nyota moja tu. Kwa ukubwa na joto ilifanana na jua letu, ila ilikuwa mbali kupindukia: mwanga wake ulichukua miaka mia tisa kutufikia. Wengine walikwisha kugundua sayari mbili zinazoizunguka. Hakuna aliyeziona kwa macho. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo, na darubini iliyorushwa angani hupima upungufu huo. Yeye alikuta upungufu mwingine, uliojirudia kila baada ya siku tisini na tatu. Sayari ya tatu.

Siku aliyotuma makala kwenye jarida alimpigia baba yake simu. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Mtu alikwenda kwa kinyozi kupunguza ndevu, akatoka na somo zima la anga.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, alifungua takwimu za nyota ya jirani ili achore mchoro wa ziada ambao jarida liliutaka kwa makala yake. Nayo ilikuwa imefifia siku zile zile. Akafungua nyingine. Hali ni ile ile. Akapekua kumbukumbu za darubini: kila baada ya siku tisini na tatu iligeuzwa ili paneli zake za umeme zielekee jua vizuri, na kwa saa kadhaa kamera yake ilipoa, ikapima mwanga pungufu. Sayari hakuna. Kulikuwa na kamera iliyoshikwa na baridi.

Akamwita mwenzake wa meza ya pili.

"Umemwonyesha mtu?" mwenzake aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi wacha makala itoke. Mwakani mtu atasahihisha, yaishe."

"Na huo mwaka mzima nitakuwa nalala vipi?"

Kabla ya adhuhuri aliandika barua ya kuiondoa makala, mistari minne. Mkuu wake aliisoma, akavua miwani, akasema, "Itume."

Jumamosi alikwenda kwa baba yake. Mzee alikuwa katikati ya kichwa cha fundi bomba.

"Baba, ile sayari haipo."

Mashine ikazimwa. "Haipo vipi? Imehama?"

"Haikuwepo kabisa. Nilikosea."

"Nani kakushika?"

"Nimejishika mwenyewe."

Mzee akapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

"Nimekutia aibu," binti alisema.

"Aliyekuwa na mdomo ni mimi. Kaa, mwanangu, nimalize kichwa cha watu." Akamgeukia mteja kwenye kioo. "Umesikia? Kawaambie na wenzako, mimi ulimi umechoka."

"Na zile mbili?" fundi bomba aliuliza.

"Zipo," binti alijibu.

"Basi si haba."

Jumatatu alianza kukagua kila nyota ambayo watu walidai kugundua sayari yake kwa darubini ile. Baada ya mwezi alikuwa na orodha ya madai kumi na moja yenye kasoro hiyo hiyo. Akawaandikia wenyewe mmoja mmoja. Wawili walimshukuru, mmoja alimtukana, wengine kimya.

Dai moja lilikuwa la mwenzake wa meza ya pili. Aliisoma barua palepale, hatua mbili kutoka kwa aliyeiandika. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Haya," alisema, "nionyeshe ulivyofanya."